SOMO LA MWEZI: NANI ALIANZA?
Neema ya Mungu na hiari ya mwanadamu katika wokovu

Someni kwanza: Yohana 11:38-44, Wafilipi 2:12-13, 1 Wakorintho 4:7

 

Katika vikundi vya nyumbani limeulizwa swali moja mara nyingi, nasi tuliahidi kulijibu kwa maandishi. Swali ni hili: mtu anapookoka, ni Mungu aliyemwokoa au ni yeye mwenyewe aliyeamua? Wanaouliza hawaulizi ili wabishane. Yuko mzazi ambaye mwanawe amelikataa kanisa tangu tulipovuka mpaka, naye hajui kama aendelee kumsemesha au anyamaze amwachie Mungu. Yuko kijana anayeuliza kwa sababu ya mambo aliyofanyishwa msituni. Yuko aliyempoteza ndugu yake njiani, na mpaka leo hajui kama ndugu yule alikufa akiwa ametubu. Kwa watu hawa swali hili si la darasani.

Yako maneno mawili yanayosemwa kati yetu kila siku. La kwanza ni, "Mungu humsaidia anayejisaidia." Wengi wanadhani limo katika kitabu cha Mithali. Tumewasikia hata wahubiri wakilitaja kwa sauti kubwa, bila sura wala mstari. Halimo. Fungueni Biblia kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, hamtalikuta. La pili ni methali ya Kiswahili, "Jitihada haiondoi kudura." Hii husemwa na mtu aliyechoka, aliyeketi mlangoni pa nyumba yake, anayeona kwamba yote yameshaandikwa na kwamba akiokoka ataokoka, asipookoka ndiyo basi. Neno la kwanza humfanya mtu ajisifu, la pili humlaza. Somo letu linataka kuonyesha kwamba Biblia haikubaliani na lolote kati ya hayo mawili.

SWALI LILILOPIGANIWA AFRIKA

Wengine husema mambo haya yalibuniwa na Wazungu. Si kweli. Yalipiganiwa kwa uchungu hapa Afrika, upande wa kaskazini, katika nchi ambazo leo zinaitwa Algeria na Tunisia, na wengine kati ya waliohusika walikuwa wakimbizi. Chuo cha Biblia kilitufundisha majina na miaka, tukajibu mtihani, tukapita. Jambo la ukimbizi tulilielewa baadaye, tulipoyasoma mambo yale yale tukiwa chini ya turubai. (Majina mengine hapa chini ni magumu kutamka. Tunaomba mvumilie, stori yenyewe ni yetu kabisa.)

Mwezi wa Agosti mwaka 410, jeshi la Wagothi, likiongozwa na Alariki, liliingia katika mji wa Roma na kuupora kwa siku tatu. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia, na wengine walikimbia baadaye. Walipanda meli wakaenda Sisilia, na kutoka huko wakavuka mpaka Afrika, hasa Karthago, karibu na mji wa Tunis wa leo. Walikuwapo maskini, na walikuwapo matajiri ambao hawakuwahi kufikiri kwamba siku moja wataomba mahali pa kulala. Jeromu, yule aliyeitafsiri Biblia katika Kilatini, aliandika kwamba Heraclian, mtawala wa Kirumi aliyekuwa Afrika, aliwatoza fedha wanawake waliokimbilia huko. Msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kati ya waliofika Afrika alikuwamo mtu aliyeitwa Pelagius. Alikuwa ametoka Uingereza, akaishi Roma miaka mingi, akiwafundisha Wakristo kuishi maisha safi. Hakuwa mtu mwovu. Hata Augustino, aliyepingana naye, alikiri kwamba alikuwa na sifa njema. Kilichomchukiza Pelagius ni Wakristo waliotenda dhambi na kisha kusema, "Sisi ni binadamu tu, tufanye nini?" Akawajibu kwamba Mungu hawezi kuamuru jambo lisilowezekana. Akiamuru tusiibe, basi tunaweza kutoiba. Akiamuru tuwe watakatifu, basi tunaweza kuwa watakatifu, tukitaka. Aliposema neema, kwa sehemu kubwa alimaanisha kwamba Mungu ametuumba tukiwa na uhuru, ametupa sheria, ametupa mfano wa Kristo na kutusamehe dhambi zilizopita. Kutoka hapo, kazi ni yako.

Mafundisho kama hayo huvutia, tena huwavutia zaidi watu wenye bidii. Sisi wachungaji tunayapenda kwa siri, maana ni rahisi kuhubiri: "Amua leo! Ukitaka utaweza!"

Alikuwako pia binti wa ukoo mkubwa wa Roma, jina lake Demetrias. Alikuwa amekimbia pamoja na mama yake Juliana na bibi yake Proba, wakaishi Karthago. Mwaka 413 binti huyu aliamua kutoolewa ili amtumikie Bwana. Pelagius, ambaye wakati huo alikuwa amekwenda Palestina, alimwandikia barua ndefu. Ndani yake alimweleza kwamba mali na heshima ya ukoo alizipata kwa jamaa zake, lakini utajiri wa kiroho hakuna awezaye kumpa ila yeye mwenyewe. Augustino na rafiki yake Alypius walipoiona barua hiyo, walimwandikia mama yake Juliana kumwonya juu ya maneno hayo.

Kwa nini waliona hatari katika maneno yanayosikika kuwa mazuri? Mfikirieni binti huyu. Nyumba imebaki nyuma, mji umeporwa, anaishi ugenini. Sasa anaambiwa kwamba hata ndani ya moyo wake lazima azalishe hazina yake mwenyewe. Itakuwaje siku atakapotazama ndani na kukuta hakuna kitu?

HIARI ILIYOFUNGWA

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika Algeria ya leo, akawa askofu wa Hippo katika nchi hiyo hiyo. Alijua habari ya hiari iliyofungwa kwa sababu aliiishi. Katika kitabu cha Maungamo anaeleza jinsi alivyotaka kuacha dhambi na asiweze, kwa sababu zile tamaa alizozikubali mara nyingi zilikuwa zimegeuka mazoea, na mazoea yakawa mnyororo. Hakuna aliyemfunga kutoka nje. Nia yake mwenyewe ndiyo iliyomfunga.

Hata hivyo hakuanza na msimamo aliokuja kuwa nao. Hapo mwanzo alifundisha kwamba Mungu hutuita, lakini imani yenyewe ni yetu, sisi ndio tunaoitoa, kisha Mungu hutulipa. Yapata mwaka 396, alipokuwa akimjibu mtu aitwaye Simplician maswali juu ya Waraka kwa Warumi, alikwama kwenye mstari mmoja, 1 Wakorintho 4:7, ambapo Paulo anawauliza Wakorintho ni kitu gani walicho nacho ambacho hawakukipokea. Augustino akaona kwamba ikiwa imani ni kitu chema, nayo tumeipokea. Tukisema mimi nilitoa imani na jirani yangu hakuitoa, tumekwisha kupata cha kujisifia juu ya jirani.

Sasa tuje kwetu. Wako kati yetu vijana waliochukuliwa na wenye silaha wakiwa na miaka 12, wengine chini ya hapo. Hatusemi kwamba kila walilofanyishwa linahesabiwa kuwa dhambi yao. Aliyemshikisha mtoto bunduki atajibu mbele za Mungu. Lakini kijana huyo sasa ni mtu mzima. Anampiga mke wake, na baadaye analia. Anasema hasira humpanda kabla hajafikiri. Anaingia kanisani, anaahidi, na wiki ya pili amerudi pale pale. Pelagius angemwambia, "Unaweza, taka tu." Naye amekwisha kutaka mara nyingi! Kumwambia ajitahidi zaidi ni kumrudishia mzigo aliotuletea tumsaidie kuubeba.

Hatumpi kijana huyu kisingizio. Mke wake anaumia, na kumlinda mama huyo hakungoji mpaka mume aongoke. Wazee wa kanisa mnalijua hilo. Tunachosema ni kwamba mtu aliyefungwa hatamfungulia mlango mtu mwingine, wala yeye mwenyewe, mpaka atokee aliye nje mwenye ufunguo. Bwana Yesu alisema hivyo katika Yohana 8:34-36: atendaye dhambi ni mtumwa, na Mwana ndiye anayemweka huru.

LAZARO ALITOKAJE KABURINI?

Tufungue Yohana 11. Lazaro amekuwa kaburini siku nne. Martha, mwanamke wa kusema kweli, anamtahadharisha Bwana juu ya harufu. Hapo hakuna la kujisaidia. Maiti haiwezi kukutana na Yesu katikati ya njia.

Yesu anamwita kwa jina. Haendi kumshawishi, wala hamwambii ajaribu. Neno lake linabeba uhai ndani yake, na mtu asiyesikia anasikia kwa sababu sauti ile imempa sikio. Hiyo ndiyo neema inayotangulia. Mungu alimwahidi Ezekieli jambo hilo hilo (36:26-27), kwamba atauondoa moyo wa jiwe, atatoa moyo wa nyama, na kuwafanya watu wake waende katika amri zake. Tena ndiyo maana Luka, anapoeleza habari za Lidia mfanyabiashara, hasemi tu kwamba Lidia alimsikiliza Paulo. Anasema kwanza kwamba Bwana alimfungua moyo (Matendo 16:14).

Lakini tazameni tena. Yesu hakuingia kaburini kumbeba Lazaro mabegani. Lazaro alitoka mwenyewe. Miguu imefungwa, uso umefunikwa, bado alitoka. Je, alitoka kwa nguvu zake? Ndiyo, miguu ilikuwa yake. Je, nguvu zile zilikuwa za nani dakika tano kabla? Hazikuwapo. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa sababu tunafikiri kazi ya wokovu ni kama watu wawili wanaobeba gunia la mahindi, huyu kichwani na huyu miguuni, Mungu nusu na mtu nusu, na tukiongeza sehemu ya Mungu lazima tupunguze ya mtu. Paulo hafikiri hivyo. Katika Wafilipi 2 anawahimiza waumini waufanyie kazi wokovu wao kwa hofu, na sababu anayoitoa ni kwamba Mungu anatenda ndani yao, akiwapa kutaka na kutenda. Hasemi, "Fanyeni kazi ingawa Mungu anatenda." Kufanya kwao kunatoka katika kutenda kwake. Tena someni 1 Wakorintho 15:10: alifanya kazi kuliko mitume wengine, na papo hapo anasema haikuwa yeye bali neema ya Mungu.

Wazee wetu waliopitiwa na ule Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilijua hili bila kusoma vitabu. Walirudisha vitu walivyoiba. Walikwenda kwa miguu yao mpaka kwa mwenye mali na kukiri kwa vinywa vyao. Ulipowauliza nani aliyewawezesha, walitaja damu ya Yesu, hawakutaja bidii yao.

Bado liko jambo la tatu katika habari ya Lazaro, na mara nyingi hatulifikii kwa sababu tumekwisha kupiga vigelegele. Lazaro yuko hai lakini bado amefungwa vitambaa. Yesu anawageukia waliosimama pale na kuwaagiza wamfungue. Angeweza kufanya yeye mwenyewe, lakini aliwaachia wao. Yule kijana tuliyemtaja, Bwana akimwita atatoka, lakini vitambaa tutavifungua sisi: kuketi naye usiku ndoto zinaporudi, kumtafutia kazi ya mikono, kutomwita jina lile la msituni. Sanda ya siku nne ina harufu, ndugu zangu, na anayefungua atainusa.

"MSINIKARIPIE, NIOMBEENI TU"

Upande wa pili wa njia kuna shimo lingine. Yapata mwaka 426, katika mji wa Hadrumetum, ambao leo ni Sousse nchini Tunisia, palikuwa na nyumba ya watawa. Mtawa mmoja aliyeitwa Florus aliikuta mahali pengine barua ya Augustino juu ya neema, akaiandika nakala, ikapelekwa nyumbani kwao. Ugomvi ukazuka. Baadhi ya ndugu walisema: ikiwa Mungu ndiye anayetupa kutaka na kutenda, basi wakubwa wetu wasitukaripie tunapokosa. Watuambie la kufanya, kisha watuombee tu. Kama sikupewa neema ya kutii, kosa langu ni nini?

Tulipokisoma kisa hiki tulicheka, maana tunawajua watu hao kwa majina. Mlevi amekaa mahali pa pombe ya kienyeji tangu saa tatu asubuhi, shemasi akipita anamwambia, "Mtumishi, niombee tu, saa yangu haijafika."

Vijana wawili wa nyumba ile, Cresconius na Felix, walikwenda mpaka Hippo kumwona Augustino. Hakuwafukuza. Aliwaweka kwake kwa muda, akawafundisha, na kuwaandikia ndugu zao vitabu viwili. Kimoja kinahusu neema na hiari, cha pili kinahusu karipio na neema. Katika cha kwanza alikusanya maandiko mengi ambamo Mungu anaamuru, anaonya na kusihi, ili kuonyesha kwamba Mungu asingesema hivyo na viumbe wasio na hiari. Katika cha pili alionyesha kwamba karipio lenyewe ni chombo cha neema. Mungu anaponuia kumgeuza mtu, mara nyingi humgeuza kwa kutumia mdomo wa ndugu anayemwonya. Kwa hiyo anayesema "niombee tu, usiniambie" ni kama mgonjwa anayemwomba daktari amponye lakini anaikataa sindano.

Augustino hakuishia kufundisha. Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania wakaingia Afrika ya Kaskazini wakichoma na kuua, na mwaka 430 wakauzingira mji wa Hippo. Mji ulijaa watu waliokimbia, hata maaskofu. Mmoja wao, Possidius wa Calama, ndiye aliyeandika habari za mwisho za Augustino. Anasema kwamba mzee huyo, akiwa na homa, aliagiza zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akawa anazisoma na kulia. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa bado umezingirwa. Mtu aliyefundisha kwa miaka zaidi ya 30 kwamba wokovu ni zawadi alikufa akitubu kwa bidii.

HATUA YA KWANZA NI YA NANI?

Mwaka 418 maaskofu wa Afrika zaidi ya 200 walikutana Karthago na kuyakataa mafundisho ya Pelagius. Lakini swali halikuisha. Wapo waliosema, katika kusini mwa Ufaransa, kwamba neema ni lazima kweli, lakini pengine hatua ya kwanza hutoka kwetu: mgonjwa hawezi kujiponya, ila anaweza kumwita daktari. Maneno haya yana busara, na tukisema ukweli ndivyo wengi wetu tunavyoamini. Mwaka 529 maaskofu 14 walikutana katika mji wa Orange, nchi hiyo hiyo, wakajibu kwamba hata ile haja ya kumwita daktari imetoka kwa Mungu. Walikataa pia, kwa maneno makali, wazo kwamba Mungu amewapangia watu wengine kutenda uovu.

Watu hupenda kufananisha neema na mgao wa chakula. Unga ni bure, hukuulipia, lakini sharti uamke, ushike kadi yako, upange foleni. Mfano huu unafaa kuonyesha kwamba tunachopokea si mshahara. Ukiuvuta zaidi unakatika. Mgao unamtaka mtu mwenye miguu, mwenye jina katika orodha, tena mwenye hamu ya kula. Mnamjua mtu wa malaria kali: uji uko pembeni ya kitanda na anaugeuzia mgongo. Neema haibaki ghalani ikingoja foleni. Inaingia ndani ya nyumba, inamwinua mgonjwa, na kumrudishia ile hamu. Akila, ni yeye anayekula. Lakini asiende kujisifu kwa jirani kwamba ana hamu nzuri.

Ndugu zetu wa makanisa mbalimbali wanatofautiana hapa, nasi tunaishi nao ua kwa ua, kwa hiyo tuseme kwa haki. Wanaomfuata Calvin wanasema kwamba Mungu akimwita mteule wake kwa ndani, wito huo hautashindwa. Wanaomfuata Wesley wanasema kwamba Mungu kwa neema inayotangulia humfikia kila mtu na kumrudishia uwezo wa kuitikia, na mtu anaweza kukataa. Anayedai kwamba Wamethodisti wanafundisha mtu kuokoka kwa nguvu zake hajamsoma Wesley. Na anayedai kwamba wafuasi wa Calvin hawahubiri Injili hajasikia habari za George Whitefield, aliyehubiri viwanjani kwa maelfu ya watu. Wesley na Whitefield waligombana juu ya jambo hili hadharani, kwa maandishi yaliyochapishwa. Whitefield alipokufa Marekani mwaka 1770, mahubiri ya kumbukumbu yake huko London yalitolewa na Wesley, kwa sababu Whitefield mwenyewe alikuwa ameomba iwe hivyo.

Sisi tunaoandika somo hili tunaona maandiko mawili hayaruhusu mtu atulie upande mmoja kwa starehe. Yesu alisema hakuna awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba (Yohana 6:44). Tena aliulilia Yerusalemu akisema alitaka kuwakusanya watoto wake, nao hawakutaka (Mathayo 23:37). Anayeokoka amevutwa, anayepotea amekataa. Kwa nini huyu na si yule, Paulo mwenyewe baada ya sura tatu nzima (Warumi 9 mpaka 11) alimalizia kwa kushangaa na kumsifu Mungu. Hatuna hesabu ambayo Paulo hakuwa nayo.

WALE TULIOWAACHA NJIANI

Hapa tuseme polepole. Kuna ushuhuda unaotolewa kanisani ambao tunaomba upunguzwe: "Mungu alinichagua, ndiyo maana nilipona, mtumbwi wetu haukuzama." Kumshukuru Mungu kwa kupona ni vema. Lakini katika benchi la tatu ameketi mama ambaye mtumbwi wa watoto wake ulizama. Amesikia nini? Bwana Yesu aliulizwa juu ya watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:1-5). Akakana kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kuponea ziwani na kuokolewa ni mambo mawili. Wateule wa Mungu wengi wamelala katika maji yale.

Na ndugu yule ambaye hatujui kama alitubu? Kama wokovu ungetegemea muda wa kutosha wa kufanya uamuzi mzuri, basi tungekuwa na sababu ya kukata tamaa juu yake. Yule mwizi msalabani hakuwa na muda wa kubatizwa wala wa kurudisha alichoiba. Anayeita alikuwako pale njiani, usiku ule, nasi hatukusikia alichosema wala alichojibiwa. Hatuwezi kumwahidi mtu jambo ambalo Maandiko hayakuliahidi, lakini tunaweza kumwambia ni mikononi mwa nani ndugu yake alikuwa.

Tumrudie sasa mzazi wa yule mtoto aliyelikataa kanisa. Kule Karthago alikuwako mtu aitwaye Vitalis, aliyesema kwamba mwanzo wa imani ni wetu wenyewe. Augustino alimwuliza: kama ni hivyo, mbona kanisa linawaombea wasioamini? Tunamwomba Mungu afanye nini, ikiwa mioyo yao haiko mikononi mwake? Kila mama anayepiga magoti kwa ajili ya mwanawe amekwisha kuamini neema, hata kama hajui kulieleza neno lenyewe. Kwa hiyo, baba, mama, usichague kati ya kuomba na kusema. Monica, mama yake Augustino, alimwombea mwanawe kwa miaka mingi, tena alimfuata mpaka ng'ambo ya bahari, Milano, alikohamia. Mwite mwanao chakula kikiwa tayari. Usimfungie mlango Jumapili jioni kwa sababu Jumapili asubuhi hakuja. Maneno machache, kwa wakati wake, na jina lake lisikose katika maombi ya alfajiri.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Ni nani aliyekuambia habari za Yesu mara ya kwanza? Nani alimtuma huyo kwako? Rudini nyuma kadiri mnavyoweza kukumbuka, na watoto waandike majina.

2. Someni Wafilipi 2:12-13 mara mbili. Tukiuondoa mstari wa 13, mstari wa 12 ungetufanya tuweje? Na tukiuondoa wa 12?

3. Katika kikundi chenu yuko aliyetoka kaburini lakini bado amefungwa? Msitaje jina lake hadharani. Ongeeni ni kitambaa kipi mnaweza kukifungua mwezi huu, na nani ataanza.

4. Somo hili limesema tusitoe ushuhuda wa kuponea kwa namna inayomwumiza aliyefiwa. Tungeutoaje ili Mungu ashukuriwe na mama yule wa benchi la tatu asiondoke analia?

Swali la nne lijadiliwe wakina mama wakiwapo, nao wapewe nafasi ya kusema kwanza. Majibu yaleteni kwa mzee wa kanisa wa eneo lenu.